Flashi Inapogoma Chini ya Maji

Mazungumzo ya leo yanawahusu kwanza wale wanaozamia na kamera: waongoza wageni wa Mnemba na Pemba, wa Ghuba ya Chole kule Mafia, wa Watamu na Kisite upande wa Kenya, na wapiga picha wanaofuatana na watafiti wa matumbawe. Nitazungumzia flashi, zile taa mbili za mikono mirefu zinazofungwa kushoto na kulia kwa kasha la kamera, na hasa nitazungumzia siku zinapogoma.

Kilio chenyewe mnakijua. Umeshuka mita 15. Mkunga ametoa kichwa pangoni, katulia, mdomo wazi, na uduvi anamsafisha meno. Unabonyeza. Giza. Unabonyeza tena. Giza. Ukipanda botini, hata mtungi hujautua, unatangaza: "Flashi imekufa."

Hapo ndipo ninapokukatiza. Nina neno moja tu la kusema leo, na yote yatakayofuata ni ushahidi wake: flashi isiyowaka ni nadra kuwa mbovu yenyewe. Ama haikupata amri, ama ilipata amri kabla ya wakati, ama haina nguvu ya kuitikia. Anayejua kuyatenganisha haya matatu ataimaliza kazi palepale botini, kabla ya kuzamia mara ya pili. Asiyejua atanunua flashi nyingine, na hiyo nayo huenda isiwake.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunahangaika nayo. Maji ya bahari hula rangi za mwanga moja baada ya nyingine, na huanza na nyekundu. Ukifika mita 10, sehemu kubwa ya wekundu wa jua imeshapotea. Rangi ya chungwa inafuata, kisha manjano. Ukijikata kidole huko chini, damu yako utaiona kama ya kijani cheusi. Chewa mwekundu mwenye madoa ya buluu anakuwa samaki wa kijivu. Flashi ndiyo inayorudisha rangi, kwa sababu inaleta mwanga mweupe karibu kabisa na kinachopigwa picha, kabla maji hayajapata nafasi ya kuula. Bila flashi, picha nyingi za miamba yetu ni buluu tupu.

Sasa tuipange kazi. Kati ya kidole chako na mwanga kuna watu watatu wanaopokezana neno: kamera inayotoa amri, njia inayoibeba, na flashi inayoitekeleza. Wengi wakipata tatizo wanaanza kuchezea kila kitu kwa pamoja. Wanageuza swichi, wanachomoa waya, wanabadilisha betri, wanabonyeza menyu ya kamera. Mwishowe flashi inawaka, na hakuna anayejua kilichoiponya. Kesho yake inagoma tena, na msako unaanza upya. Sheria yangu ni fupi: gusa kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine.

Na tuanzie mwisho wa safari, yaani kwenye flashi. Karibu kila flashi ya chini ya maji ina kitufe cha majaribio, au swichi inayoiwasha bila kuihusisha kamera. Tuseme kijana mmoja amepanda botini na malalamiko yake, na mbele yake ameketi fundi mtu mzima.

"Shikamoo, fundi. Flashi ya kulia imegoma."

"Marahaba. Umebonyeza kitufe cha majaribio?"

"Bado."

"Basi bado hujaniambia kitu. Bonyeza."

Kijana anabonyeza. Flashi inawaka mara moja, kisha kimya. Taa ndogo ya nyuma, ile inayoonyesha kwamba flashi imejaa, inachukua muda mrefu kurudi.

"Betri je?"

"Mpya, fundi. Nimezinunua jana."

"Zote nne?"

"Mbili. Zile mbili nyingine zilikuwa bado zina moto."

"Hapo sasa."

Msikilizaji, hapo sasa kweli. Flashi nyingi za aina hii hutumia betri nne ndogo zilizopangwa mfululizo, na moja ikiwa dhaifu inazirudisha nyuma zote. Kazi ya betri hizo ni kujaza kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme mkali na kuumwaga wote kwa kufumba na kufumbua. Betri nzuri huijaza kwa sekunde chache. Betri mchanganyiko hujikongoja, na mpiga picha mwenye haraka anabonyeza kabla haijajaa. Flashi haikugoma, uliidai kabla haijapata.

Kuna jambo hapa linalowakanganya watu. Betri za kawaida za dukani zimeandikwa volti 1.5, na za kuchaji zimeandikwa volti 1.2. Mtu anaona 1.5 ni kubwa, anachagua hizo. Lakini flashi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ya kawaida ikivutwa hivyo inaishiwa pumzi upesi, wakati betri nzuri ya kuchaji ya nikeli inahimili. Ndiyo maana wapiga picha wa chini ya maji wameegemea hizi za kuchaji. Vilevile usiridhike na mita kukuonyesha namba nzuri wakati betri imepumzika mezani. Betri hujulikana ikiwa kazini. Na ukikuta betri ndogo ya kuchaji ya nikeli imeandikwa uwezo wa mAh 4000, shtuka. Betri za kweli za ukubwa huo huwa kati ya 1900 na 2700 hivi. Hiyo namba imechapwa kwa ajili ya kuuzia.

Ushauri wa fundi ni kuziandika betri kwa kalamu ya wino: seti A, seti B, seti C. Zilizonunuliwa pamoja zichajiwe pamoja, zitumike pamoja, zistaafu pamoja. Na kabla ya kulaumu chochote, chungulia ndani ya chumba cha betri. Je, zimekaa kwa mwelekeo sahihi? Gizani saa kumi na moja alfajiri, kugeuza betri moja ni jambo la kawaida. Je, vile vipande vya chuma vinavyogusana na betri vina unga mweupe au kutu ya kijani? Pamba iliyochovywa kwenye spiriti itasafisha. Kutu iliyong'ang'ania itaondolewa na raba ya penseli, ile ya watoto wa shule, ilimradi ukung'ute vumbi lake lote.

Kitufe cha majaribio kikiwasha flashi vizuri, mara tatu, mara nne mfululizo, flashi tumeshaifutia mashtaka. Sasa tunarudi kwenye njia.

Njia ni za aina mbili. Ya kwanza ni waya wa umeme, wenye plagi ya pini tano iliyotokana na kamera za Nikonos, kamera maarufu za chini ya maji ambazo Nikon ilizianza mwaka 1963. Kamera zenyewe zimeshaacha kutengenezwa, plagi yake bado tunayo. Aina ya pili ni faiba, uzi wa plastiki unaobeba mwanga: kamera inatoa mmweko mdogo ndani ya kasha, uzi unaupeleka, na jicho la flashi, yaani sensa, likiuona linaiwasha flashi yake.

Kila njia ina ugonjwa wake. Waya wa umeme adui yake ni tone la maji chumvi. Tone moja likiingia kwenye plagi linaunganisha pini zisizopaswa kuunganishwa, na hapo ndipo utaona vituko: flashi inajiwakia yenyewe, au inawaka mara moja unapochomeka plagi kisha basi, au inanyamaza kabisa. Mafundi wetu watakwambia imepiga shoti. Tone hilo mara nyingi haliingii chini ya maji. Linaingia botini, kutoka kwenye nywele zako unapoinamia kasha, au kutoka kwenye uzi wa skrubu wa plagi wakati unaifungua. Kwa hiyo kausha kichwa na mikono kwanza, elekeza tundu chini, ndipo ufungue, ili maji yaliyojificha yadondokee sakafuni na siyo ndani. Waya ukiushuku, mita ya fundi itakujibu: weka kwenye mlio, pima pini moja ya upande huu na mwenzake wa upande ule, huku ukiupinda waya taratibu. Mlio ukikatika wakati wa kupinda, waya umevunjika ndani kwa ndani ingawa ganda lake linang'aa.

Faiba haipigi shoti, na hiyo ndiyo sababu wengi wamehamia huko. Lakini nayo ina njia zake za kukusaliti, na kuipima ni rahisi mno. Chomoa uzi pande zote mbili. Elekeza ncha moja kwenye tochi, na ncha nyingine iangalie kwa jicho. Unapaswa kuona kidoa kinachong'aa. Kikiwa hafifu, angalia ncha: pengine imekatwa kwa kisu butu na imechakaa, au ina tope la chumvi. Fuata uzi wote kwa vidole, utafute mahali palipokunjwa kwa nguvu. Faiba ya uzi mmoja mnene ikikunjwa sana inavujisha mwanga, na huo mwanga ukivuja haufiki. Ndiyo maana zipo faiba za bei kubwa zaidi zilizosukwa kwa nyuzi 613 nyembamba sana. Hizo hukubali kupindwa, na ndizo zinazoshauriwa pale ambapo kamera haina flashi yake na mmweko unatoka kwenye kitaa cha LED, ambacho mwanga wake ni mdogo.

Ukiwa na flashi mbili, una mtego mzuri kuliko mita yoyote. Badilisha nyuzi, ncha zote mbili: wa kulia upeleke kushoto, wa kushoto kulia. Ugonjwa ukihama pamoja na uzi, uzi ndio mgonjwa. Usipohama, vusha ncha za upande wa kasha peke yake: ukihamia flashi ya pili, tatizo liko kwenye tundu la kasha au ndani zaidi. Ukibaki na flashi ileile, rudi kwenye flashi ukague sensa yake: chumvi imegandia? Ile stika au kifuniko cha kuzuia mwanga bado kimebandikwa?

Na hapa kuna jambo la pwani yetu hasa. Jua la saa sita mchana botini ni kali kiasi kwamba sensa inaweza kuzidiwa. Mmweko mdogo kutoka kwenye faiba unamezwa na jua, na flashi haioni kitu. Mtu anajaribu juu ya sitaha, haiwaki, anaghairi kuzamia na kamera. Kumbe angeifunika kwa mkono, au kwa kanga, ingewaka. Jaribu kivulini.

Njia ikiwa salama, tumebakiwa na mtoa amri, kamera. Na niseme wazi: hapa ndipo makosa mengi ya kweli yalipo, kwa sababu kamera za leo zina menyu ndefu na nyingi zimetengenezwa kwa watu wa nchi kavu.

Orodha yake ni hii. Ile flashi ndogo ya kamera, umeiinua kabla ya kufunga kasha? Ikilala, hakuna mmweko, na kasha likishafungwa nyingi haziwezi kuinuliwa tena. Je, kamera iko kwenye shata ya kimya, ya kielektroniki? Kamera nyingi zikiwa hivyo zinazuia flashi kabisa, na hazikwambii sababu. Je, umeweka upigaji wa mfululizo? Zipo kamera zinazoikataa flashi hapo pia. Je, umewasha ule mpangilio wa kupunguza macho mekundu? Huo hutoa mimweko kadhaa kabla ya picha, na flashi ya nje haijui iitikie upi. Kasi ya shata je? Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha zina kikomo cha 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukikivuka, shata haifunguki yote kwa wakati mmoja, na picha inatoka na mkanda mweusi upande mmoja. Watu wanadhani ni kivuli cha mkono wa flashi. Wanausogeza mkono huo wee, mkanda uko palepale.

Lakini kuna kituko kimoja nataka nikikalie, kwa sababu ndicho kinachowafanya watu waamini uchawi. Flashi inawaka. Unaiona kwa macho yako, mwenzako kaiona, samaki wameiona. Picha inatoka nyeusi.

Kilichotokea ni hiki. Kamera ikiwa kwenye hali ya kujipimia yenyewe, haitoi mmweko mmoja, inatoa miwili. Wa kwanza ni mdogo, wa kupimia. Kamera inasoma mwanga uliorudi, inapiga hesabu, kisha inafungua shata na kutoa mmweko wa pili, wa picha. Yote hayo yanapita upesi hata jicho linaona mmweko mmoja tu. Sasa flashi yako ya nje, ikiwa imewekwa kuitikia mmweko wa kwanza, inamwaga nguvu yake yote wakati shata bado imefungwa. Wa pili ukija, kapasita iko tupu. Amri ilifika, ilitekelezwa, ila mapema mno.

Dawa ziko mbili. Ama uiambie flashi ipuuze mmweko wa kwanza, maana flashi nyingi zina swichi ya hilo, na kila mtengenezaji ana alama zake, kwa hiyo kitabu chake kisikae nyumbani. Ama uiweke flashi ya kamera kwenye hali ya mkono, isipime kitu, itoe mmweko mmoja mdogo basi. Dawa hii ya pili ina faida nyingine: mmweko mdogo hauli sana betri ya kamera, na kamera inakuwa tayari upesi kwa picha inayofuata.

Tusilalamike sana, msikilizaji, maana waliotutangulia walilipa zaidi. Mwaka 1926, kule Dry Tortugas katika jimbo la Florida, Marekani, mwanasayansi William Longley na mpiga picha Charles Martin walitaka picha za rangi za samaki ndani ya bahari. Upigaji wa picha za rangi wa wakati ule ulihitaji mwanga mwingi mno, kwa hiyo walibeba unga wa magnesi juu ya chelezo kilichoelea juu ya kamera, na kamera chini ya maji ikawa ndiyo inayoulipua. Unga ulilipuka kabla ya wakati siku moja, na Longley akaungua vibaya. Hata hivyo picha walizipata, na National Geographic ilizichapisha Januari 1927. Baadaye Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT aliyeendeleza flashi ya umeme, alifanya kazi na Jacques Cousteau na watu wake katika miaka ya 1950, nao wakampa jina la utani la Papa Flash. Amri iliyowahi kabla ya wakati ilimuunguza Longley. Sisi inatupotezea picha ya mkunga tu.

Ila isikufanye ukadharau hatari zilizobaki. Ziko mbili, na nazisema kwa uzito. Ya kwanza: usiifungue flashi yenyewe ndani, kwenye saketi. Kapasita inahifadhi umeme wa mamia ya volti, na unabaki humo hata baada ya kuzima na kutoa betri. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea. Ya pili: flashi iliyoingia maji. Betri zikikutana na maji chumvi zinazalisha gesi, na gesi ikijibana ndani, kifuniko kinaweza kuruka kwa nguvu. Izime, ielekeze mbali na uso wako na wa wenzako, fungua taratibu sana, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukishatoa betri, usikate tamaa: flashi nyingi za kisasa zina chumba cha betri kilichotengwa na saketi. Osha chumba hicho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa kwa siku kadhaa, weka betri nyingine, jaribu. Si ajabu ikaamka.

Na maji huingilia wapi? Kwenye oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaoziba kifuniko. Mdharau mwiba mguu huota tende. Unywele mmoja uliolala juu ya oringi, mwembamba kiasi kwamba huuoni mpaka uuelekeze kwenye mwanga, unatosha kuwa mfereji. Punje ya mchanga mweupe wa Mnemba inatosha. Kwa hiyo itoe oringi kwa vidole au kadi ya plastiki, usiichokonoe kwa pini. Ipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada ukiisikiliza kwa ngozi. Futa mfereji wake. Paka grisi ya silikoni kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Grisi nyingi haizuii maji, inakusanya uchafu. Kazi hii ifanywe usiku, ndani, feni imezimwa, siyo asubuhi ufukweni upepo wa kusi ukirusha mchanga.

Mwongoza wageni aliye Mafia au Pemba, msikilizaji, hana duka la vipuri vya flashi jirani yake, wala fundi wake. Kinachomwokoa ni utaratibu, na utaratibu haununuliwi. Atakayekuwa nao ndiye atakayeitwa na wageni wa boti zote, kwa sababu mgeni aliyesafiri masafa marefu kuja kupiga picha atamkumbuka aliyemrudishia flashi yake kuliko aliyemwonyesha kobe.

Kwa hiyo, kabla nanga haijang'olewa, piga picha moja kivulini, kasha likiwa limeshafungwa, flashi zimevutwa mbele na kuielekea lenzi. Ziangalie kwenye skrini: zote mbili zinaonekana zinawaka ndani ya picha yenyewe? Usitegemee jicho lako, tegemea picha. Ikiwa moja haimo, anza na kitufe cha majaribio, nenda kwenye uzi, malizia na kamera, kitu kimoja kimoja.